Mwanzilishi Alibatizwa Wapi

Isalanda, Mtinko
9 Juni 1974

Mchungaji mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima na kifua kimetulia. Sisi tunaendelea, ila mtama umetoka kidogo na watu wameanza kupika mara moja kwa siku.

Nakuandikia kwa jambo la haraka. Isalanda inahamishwa. Balozi wetu wa nyumba kumi alipita wiki iliyopita akatuambia kwamba ifikapo mwisho wa Septemba kila kaya iwe imeshuka barabarani, kwenye kijiji kipya. Viwanja vimekwisha pimwa kwa kamba, mistari minyoofu, nyumba inatazama nyumba. Asiyebomoa mwenyewe atabomolewa.

Sasa kuhusu kanisa. Karani wa kijiji kipya anasema Wakristo wote watapewa kiwanja kimoja, isipokuwa dhehebu litakaloleta maelezo ya historia yake: lilianza lini, nani alilianzisha, limebatiza wangapi. Ametoa karatasi yenye mistari ya kujaza. Mwisho wa kuirudisha ni Julai.

Mimi ndiye ninayetunza kitabu cha washiriki, lakini kitabu kinaanza mwaka 1963. Ya nyuma yake unayo wewe kichwani. Wewe ndiwe uliyelianzisha kanisa hili, wewe ndiwe uliyetubatiza sote sitini na watatu. Nakuomba uniandikie yote kwa utaratibu.

Kuna jambo jingine, na ninaona haya kulisema. Tangu uondoke ile Pasaka ya 1971 hujatuandikia hata mstari. Watu huniuliza, nami huwajibu kwamba ni kifua. Gaspari mume wangu anakusalimu. Yeye bado ni shemasi, na anaongoza ibada kadiri awezavyo.

Barua hii naituma kwa mkono wa Marko, yule anayenunua asali Itigi. Mpe majibu atakaporudi.

Mimi wako katika Bwana,
Elizabeti Njoghomi

*

Itigi
23 Juni 1974

Elizabeti mwanangu,

Marahaba. Marko amenikuta mzingani, nimevimba jicho moja kwa nyuki, kwa hiyo usiucheke mwandiko.

Habari ya Isalanda kuhama imenikosesha raha. Nimeamka nikatembea hadi stesheni, nikaangalia treni ya mizigo ikipita, nikarudi, nikatoka tena. Mke wangu ameniuliza kama nina safari.

Andika hivi. Kanisa lilianza mwaka 1958 nyumbani kwa Mama Marietha, katika tembe lake, upande wa ndama. Tulikuwa watu wanne. Ubatizo wa kwanza ulifanyika Mei 1959 katika lambo la ng'ombe, watu kumi na mmoja. Mwaka wa Uhuru tulijenga nyumba ya kwanza ya ibada, ya tope, paa la udongo. Mvua za mwaka uliofuata zililiangusha paa siku ya Jumatatu, na watu wakasema Mungu ametuhurumia kwa siku moja. Mwaka 1965 tulipata mabati dukani kwa Jayantilal pale Singida, tukayabeba kwa punda kumi na wawili. Punda mmoja alikataa kuvuka korongo, Gaspari akayabeba mabati yake kichwani hadi Isalanda. Asisahauliwe kwa hilo.

Andika pia kwamba hatukuwahi kuwa na kisima cha ubatizo. Sisi hatunyunyizii watu maji, tunazamisha, na Isalanda ni nchi kavu. Miaka miwili tulikosa maji ya kumzamisha hata mtoto, watu wakangoja.

Hayo yanatosha kwa karani. Asitake mengi.

Wako,
Antipasi Mkhandi

*

Isalanda
7 Julai 1974

Mchungaji mpendwa,

Shikamoo. Nashukuru kwa barua. Nilipomsomea Mama Marietha habari ya upande wa ndama alicheka hadi akashika mbavu, akasema ndama mmoja alikula daftari lako la nyimbo na hukulitaja.

Lakini karani ameirudisha karatasi. Mstari wa nne una maneno haya: "Mwanzilishi alibatizwa wapi, lini, na nani." Hukuujibu. Nilimwambia nitaujaza palepale, maana kila mtu Isalanda anajua ulibatizwa Itigi ulipokuwa ukifanya kazi ya reli. Gaspari naye alisema andika Itigi, 1958, tumalize. Nikashika kalamu. Kisha nikaona kwamba jina la aliyekubatiza silijui, na kwamba sijawahi kukusikia ukisimulia siku hiyo. Ulisimulia za Mama Marietha, ukasimulia zangu, hata za mama mkwe wangu Yudita, aliyekuwa anaogopa maji. Ya kwako hukusimulia.

Nitumie jina tu.

Mchungaji, niseme na hili lililonikaa kooni. Nadhani najua kwa nini ulituacha. Asubuhi ile ya Pasaka nilikugombeza mbele ya watu, kwamba umechelewa na wabatizwa wanatetemeka kwa baridi. Ukaingia majini, ukamshika Esta, halafu ukamwacha amesimama, ukatoka, ukasema kifua. Wiki ile ile ukahama. Mimi nilikuwa mtoto wako, ulinifundisha kusoma, na nilikuaibisha. Kama ni hilo, naomba unisamehe. Miaka mitatu sijasali vizuri kwa ajili yake.

Elizabeti

*

Itigi
19 Julai 1974

Elizabeti mwanangu,

Usiandike Itigi. Usiandike popote. Sikubatizwa.

Nimekaa na kalamu tangu asubuhi nikitafuta njia ya kulizunguka neno hilo. Nimelizunguka miaka kumi na sita, nimechoka.

Sikiliza ilivyokuwa. Nilikuwa gengeni, tukitengeneza reli. Mhubiri alikuwa akija kambini Jumapili, nami niliamini kweli. Hilo usilitilie shaka hata kama mengine yote utayatilia. Tulikuwa sita darasani. Mmisionari akapanga tubatizwe Jumapili ya pili ya Januari 1958. Ijumaa yake mvua ikazoa tuta la reli, genge letu likapakiwa kwenda kufukia. Tulikaa huko wiki tatu. Niliporudi, wenzangu watano walikwisha batizwa na mmisionari alikwisha kwenda likizo kwao. Nikaambiwa ningoje. Hakurudi. Mkataba wangu ukaisha, nikarudi nyumbani.

Sikukusudia kuanzisha kanisa. Nilianza kwa kusimulia tu, jioni, kwa Marietha na mumewe. Mwaka uliofuata mmisionari mwingine akapita na mkalimani wake. Aliwakuta watu kumi na mmoja tayari wamejifunga nguo zao kwa ajili ya maji, wakimngoja yeye awabatize. Mguu wake ulikuwa na kidonda, hakuweza kuingia lamboni. Akauliza kwa Kiingereza kama mimi nimebatizwa, ili niingie badala yake. Neno lile linatambulika hata kwa asiyejua Kiingereza. Mkalimani hakunigeukia. Alikuwa amesikia nilisoma darasani Itigi, akajibu, "Ndiyo, Itigi."

Nilifungua mdomo. Nikawatazama watu. Wewe ulikuwa wa tisa kwenye mstari, umemshika mkono Marietha. Nikaufunga.

Ndivyo ilivyokuwa. Sikusema uongo hata mmoja, Elizabeti. Nilinyamaza tu, na ukimya ule ukazaa ubatizo wa watu sitini na watatu. Kila mwaka nilisema mwaka huu nitakwenda mbali nikabatizwe. Halafu najiuliza, nikibatizwa leo, wale wa jana nimewafanyia nini?

Siku ya Pasaka hukunifukuza wewe. Kunigombeza kwako ni haki, nilikuwa nimechelewa kwa sababu miguu ilikuwa haitaki kwenda. Ni Esta. Nilipomshika mabega alitetemeka, akaninong'oneza, "Mchungaji, na wewe uliogopa siku yako?" Sikuwa na siku. Nikatoka.

Sasa unajua. Barua hii ni mali yako. Ichome, au isome kanisani. Sitakuuliza.

Antipasi

*

Isalanda
2 Agosti 1974

Mchungaji,

Shikamoo. Nimeandika hilo neno Mchungaji kwa mazoea, na sasa nalitazama.

Barua yako niliificha ndani ya debe la unga siku sita. Nilikuwa nakwenda kisimani, nafika nusu ya njia, narudi kuangalia kama bado ipo. Nikikaa nasimama. Nilikuwa na hasira na wewe, kisha nakuonea huruma, kisha nakumbuka kwamba hata mimi sijui nimebatizwa au nimelowa tu.

Nilisahau kwamba Gaspari sasa anasoma. Ameingia darasa la watu wazima tangu mwaka jana, na anasoma kila kitu, hata maandishi ya mfuko wa chumvi. Juzi alikwenda kuchota unga wa uji. Niliporudi kutoka kisimani nilimkuta ameketi kizingitini na barua magotini, uji umeungua.

Nilimwambia, "Baba Yusta, nilitaka kukuambia."

Akasema, "Mama yangu je?"

Unamkumbuka Yudita. Alikuwa hajawahi kuingia majini kupita kifundo cha mguu, alikuganda shingoni, ukambeba kama mtoto. Alikufa 1966 akisema haogopi kwa sababu alikwisha zama mara moja. Sisi tulio hai tunaweza kurudi majini. Yeye yupo chini ya mawe nyuma ya zizi, na kijiji kinahama.

Jumapili Gaspari ataisoma barua mbele ya kanisa lote. Sikumzuia. Sikujua nimzuie kwa neno gani.

Karatasi ya karani niliirudisha tarehe 31 Julai, siku ya mwisho. Mstari wa nne nimeandika neno moja: Bado. Karani aliuliza kama nafanya mzaha. Nikamwambia hapana.

Elizabeti

*

Isalanda
14 Agosti 1974

Kwa Mzee Antipasi Mkhandi, Itigi

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu umri ni umri.

Mimi ni Gaspari. Hii naandika kwa mkono wangu. Elizabeti hajaisahihisha.

Barua yako niliisoma kanisani. Nilisoma polepole kwa hiyo watu waliisikia yote. Nilipofika mahali pa mkalimani watu walianza kunong'ona. Mahali pa Esta waligeuka kumtafuta. Esta mwenyewe alikuwepo, alitoka nje.

Kisha maneno yakawa mengi. Antipasi mwenzako, yule fundi seremala mwenye jina lako, alisema sisi wote si kitu, tulidanganywa, tuwaendee Walutheri wale waliobatizwa na watu waliobatizwa. Wengine wakasema na Walutheri wananyunyizia. Mzee mmoja alilia. Mama Marietha akasimama na fimbo yake. Alisema, "Mimi nilimwahidi Mungu, sikumwahidi Antipasi. Yeye alikuwa mikono tu. Maji yalikuwa maji, na nilizozamisha ni dhambi zangu, siyo zake." Akaketi.

Sisi Wabaptisti hatuna askofu wa kutuamulia. Wewe ndiwe uliyetufundisha hilo, kwamba jambo zito linaamuliwa na washiriki kwa kunyosha mkono. Tukanyosha. Waliosema ubatizo wetu umesimama ni ishirini na sita. Waliosema haukusimama ni kumi na wanane. Hao kumi na wanane walitoka wakati ule ule, seremala mbele. Nadhani hawatarudi.

Mimi sikunyosha upande wowote. Nikinyosha huku nasema uliyofanya ni sawa. Nikinyosha kule namtoa mama yangu majini. Niliketi juu ya mikono yangu.

Waliobaki wameamua jambo la pili. Wanasema kama ubatizo wetu umesimama, basi tunao uwezo wa kukubatiza wewe. Na kwamba usipobatizwa hapa, katika lambo lile lile, kabla hatujahama, jambo hili litatufuata kijiji kipya kama inzi. Wamesema shemasi ndiye atakayeingia na wewe. Shemasi ni mimi.

Sijui kama nimekusamehe. Nakwambia ukweli ili usije ukidhani vingine. Lakini maji yanakauka. Leo yananifika chini ya kiuno, na ng'ombe wanakunywa kila siku. Ukija baada ya tarehe nane Septemba utakuta tope.

Gaspari Njoghomi
Shemasi

*

Itigi
25 Agosti 1974

Kwa Shemasi Gaspari Njoghomi,

Marahaba, mwanangu.

Nitapanda treni Alhamisi hadi Manyoni, kisha basi hadi Singida, na kutoka hapo nitatafuta gari la kuelekea Mtinko. Nikikosa nitatembea. Jumapili asubuhi, tarehe mosi Septemba, nitakuwa lamboni.

Nakuomba jambo moja. Usinitangulize kuhubiri wala kuomba wala kusema chochote. Niulizwe maswali kama anavyoulizwa mtu yeyote, nami nijibu.

Mke wangu ameuliza tena kama nina safari. Safari hii nimemwambia ndiyo, nikamweleza na sababu. Miaka ishirini na mbili ya ndoa hakuwa anajua. Akaenda kunifulia shati jeupe.

Antipasi Mkhandi

*

Kijiji kipya, Barabarani
6 Oktoba 1974

Baba yangu Antipasi,

Shikamoo. Nimekosa jina la kukuita, nikaona hili halina kosa.

Uliondoka Jumapili ile ile nguo zikiwa mbichi, hukukubali hata kula. Kwa hiyo kuna mambo hukuyaona, na Gaspari hatakuandikia. Nimemwuliza kama ninaweza kukuandikia mimi, akasema, "Kalamu ni yako."

Tulihama tarehe ishirini na tano. Mgambo walikuja na shoka, lakini sisi tulikwisha shusha mabati ya kanisa wenyewe, bati kwa bati. Kuta tuliziacha. Viwanja huku havina hata mti, upepo unapita moja kwa moja kutoka nyumba hadi nyumba, na vumbi lipo ndani ya ugali. Kila mtu anaamka anatembea huku na huku kama ng'ombe waliohamishiwa zizi geni. Wazee wawili wamerudi Isalanda kwa miguu, wakarudishwa.

Kiwanja hatukupata. Nilimwendea karani baada ya ubatizo wako, nikamwomba nifute lile neno "Bado" niandike tarehe. Akasema faili limekwisha kwenda wilayani, na huko halirudi. Tumepewa zamu katika kiwanja cha wote: watu wa Pentekoste asubuhi, Walutheri baada yao, na sisi saa nane, jua likiwa limesimama. Seremala, ambaye sasa anasali na Walutheri, tunapishana naye njiani kila Jumapili. Ananisalimia. Gaspari hamsalimii bado.

Sasa nikuambie ya lamboni.

Gaspari alipokuuliza kama unamwamini Yesu ukasema ndiyo, sauti yako haikufika kwetu tuliokuwa ukingoni, lakini Mama Marietha aliitikia kwa niaba ya wote. Maji hayakuwa yanatosha, ikabidi upige magoti ndani ya tope. Kisha akakushusha. Wewe ulikuwa chini, hujui kilichotokea juu. Ulikaa muda mrefu. Watu waliona. Nilihesabu moyoni, nikafika saba, na Gaspari alikuwa amesimama tu, mikono yake miwili kifuani pako, anatazama ng'ambo kwenye mifugo. Esta alianza kuingia majini na viatu. Nilifungua mdomo kumwita Gaspari, na ndipo akakuinua.

Ulipoinuka ulikohoa, ukamshika bega, watu wakaanza kuimba. Ulidhani ni kawaida. Au labda hukudhani. Sijui.

Nyumbani hakula. Nilimwuliza, "Baba Yusta, ilikuwaje pale?"

Akasema, "Mkono ulikataa kumtoa."

Nikaisogeza sahani yake pembeni.

Akasema, "Nilikuwa namwuliza Mungu swali. Nikasema sitamtoa mpaka nijibiwe. Halafu nikasikia moyo wake unapiga kwenye kiganja. Unapiga kwa nguvu, lakini hajitingishi. Alikuwa anaweza kusimama, maji yenyewe ya magotini. Hakujaribu. Alikuwa amekubali. Mkono wenyewe ukamwinua."

Hakusema swali lilikuwa nini, na sikumwuliza.

Siku ya kuhama, punda wakiwa wamekwisha fungwa mizigo, aliniambia nimfuate nyuma ya zizi. Tulikuta mbuzi wamelala juu ya mawe ya kaburi la mama yake, akawafukuza. Akavua kofia. Akazungumza naye Kinyaturu, kwa sauti ile anayotumia kuzungumzia mambo ya shamba. Alimwambia tunahama, kwamba ni amri, na kwamba si mbali. Alimwambia mtama ulikuwa mbaya mwaka huu. Alimwambia Yusta ameota meno ya mbele. Kisha akasema, "Mama, yule mzee aliyekuingiza majini, na yeye ameingia. Nimemtia mwenyewe. Huko mnahesabu vipi mimi sijui, lakini huku tumefanya tulichoweza."

Alingoja kidogo, kama mtu anayengoja kujibiwa salamu. Halafu akavaa kofia, akanipa kamba ya punda, tukashuka.

Jumapili iliyopita tulikuwa watu ishirini na watano. Gaspari alihubiri, vibaya kama kawaida yake. Alipomaliza alisema kuna jirani wa Itigi anayetafuta kiwanja cha nyumba, na kama kuna mwenye pingamizi aseme. Hakuna aliyesema. Kiwanja chenyewe kiko mstari wa tatu, upande wa upepo, mawe matupu, na jembe itabidi uje nalo. Mlete na mama. Njooni kabla ya mvua, maana nyumba isiyoezekwa huku haitavumilia.

Elizabeti Njoghomi